Siku Niliyowaficha Wenye Kikohozi

Niwataje kwanza waliokuwapo, maana aibu isiyo na mashahidi mtasema bibi anatunga. Alikuwapo mume wangu Salehe, na baba yake Mzee Kondo, yaani baba mkwe wangu. Alikuwapo wifi yangu Mwanahawa, dada yake Salehe, aliyeolewa Pangani (hii ya Kibaha, si ile ya Tanga), naye alikuja kututembelea Kibuta na wanawe wawili, Shabani na Tatu. Alikuwapo binti yangu Zuhura, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Jumbe wetu Ramadhani alikuwapo, na dresa Maganga, mgawa dawa, Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazaramo, basi yule mdomo wake hata msibani haukufungwa. Wazungu walikuwa watatu; majina yao hayakunikaa, ila mmoja ni daktari tuliyempachika jina la Bwana Kifua.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita ya pili ya Wazungu. Serikali ilimpa Bwana Kifua fedha (za kodi zetu wenyewe, Maganga alituambia, kwa hiyo tusimwonee haya) achunguze kwa nini watoto wa huku wanashikwa na kichomi kila kipupwe kikiingia, na lipi lifanywe wasishikwe kabisa, si kungoja mpaka mtoto anavuta pumzi kwa mbavu ndipo watu wakimbizane. Akawa anapita nyumba hadi nyumba, anatega sikio kwenye vifua, anauliza moto tunauwasha wapi, watoto wanalala wapi, moshi unatokea wapi, nasi tulimcheka sana, mtu mzima kalipwa kuuliza habari za moshi. Mimi niliacha kumcheka mwaka aliomwokoa Zuhura, kichomi kilipombana hata bibi zake walikwisha kumsomea. Tangu hapo nilikuwa namwombea dua asiondoke, maana kifua cha Zuhura hakikupona moja kwa moja, kila baridi kinarudi palepale.

Basi siku moja Jumbe akatangaza kuwa wakubwa wawili wanakuja kutoka Dar es Salaam, ndio wanaoshika mfuko, watazame kama kazi ya Bwana Kifua iendelee kupewa fedha huku Kisarawe au ihamishiwe Mlandizi, ambako walisikia watoto wanakohoa zaidi. Na nyumba watakayofikia ni yangu. Maganga akaja kuniusia, mtani, acha nyumba kama ilivyo, na wanaokohoa uwakalishe mbele.

Nikamwitikia, lakini moyoni nikamwona hana adabu. Mgeni anakuja kwako, tena mgeni wa serikali, wewe umkalishie mbele watoto wenye kamasi? Mama yangu alinilea kuwa mgeni huonyeshwa kizuri cha nyumba. Nikaamua kidogo tu (hapo ndipo nilipoharibu): wanaokohoa wakae ndani kwa muda, wageni wakiondoka watoke.

Uamuzi mmoja ukazaa wa pili. Mafiga nikayatoa ndani nikayapeleka uani, ukuta wenye masizi nikausiriba udongo mweupe, kwa majirani nikaazima watoto wanono nikawapaka mafuta wakang'aa. Zuhura, na Shabani na Tatu waliokuja na kikohozi kutoka kwao, nikawaingiza chumba cha ndani, mlangoni nikatundika kanga mbili, nikawapa vipande vya muwa ili midomo ishughulike. Mzee Kondo naye kifua chake kilikuwa kama gari linalopanda mlima, nikamwomba kwa heshima zote akae nao awatulize. Akanitazama sana, akachukua kikopo chake cha ugoro, akaingia. Mke wa mwana kumfungia mkwewe ndani! Mwanahawa aliona, akajifanya anachambua mchele.

Wageni wakaja, wakakaa, wakatazama wale watoto wanaong'aa. Mkubwa mmoja, mwembamba, akauliza kupitia kwa Maganga kama hapa kichomi kinasumbua. Nami kwa kujisikia nikajibu kabla Salehe hajafungua kinywa:

"Hapa kwetu hatuna, bwana. Tunakisikia kwa watu tu."

Maganga alinitazama kama nimemtemea mate, lakini akatafsiri. Bwana Kifua akawa mwekundu mpaka masikioni. Yule mwembamba akatikisa kichwa, akasema jambo, Maganga akalileta polepole ili liniingie vizuri: kama hapa hakuna ugonjwa, hakuna haja ya fedha, zitakwenda Mlandizi.

Hapohapo muwa ukampalia mtu ndani. Kho! Wageni wakageuka. Ningenyamaza, lakini ulimi ukatangulia, nikasema ni mwali, amewekwa ndani, hatazamwi na wanaume. Kijiji kizima kinajua sina binti wa kuwekwa ndani. Yule mwembamba, mstaarabu, akainamisha macho kuomba radhi. Mwali akakohoa tena, kwa sauti nyingine. Kisha kwa sauti ya tatu. Kisha ugoro ukafanya kazi yake, ikatoka chafya ya kiume na kikohozi kizito juu yake, hata kanga zikapepea.

Mwanahawa akaniuliza taratibu, "Wifi, mwali wa nani huyo?"

Maganga hakungoja. "Mtani, mwali wenu huyu ananyolewa ndevu kabla ya kuchezwa ngoma au baadaye?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Jumbe alijifunika uso kwa kofia yake. Mimi nilitaka kucheka nao ili yapite, lakini katikati ya kicheko kile nikasikia pumzi ya Zuhura, ile ya kukwaruza, inayoishia juujuu. Mama haisahau. Nikaona Mlandizi inavyoondoka na daktari wangu, nikaenda mwenyewe nikazing'oa kanga zote mbili mbele ya watu.

"Hao hapa, bwana. Nimesema uongo. Huyu wangu anaumwa kifua kila mwaka."

Wakatoka, midomo imejaa makapi ya muwa, na Mzee Kondo nyuma yao, ugoro umemtapakaa kifuani, akaniambia, "Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Sasa nipe maji." Bwana Kifua alipiga magoti vumbini akamtegea Zuhura sikio, akamwita yule mwembamba naye asikilize. Alisikiliza sana. Kisha, Bwana Kifua alipomwambia nyumba ilivyokuwa, akataka kuonyeshwa mafiga yalikokuwa kwanza, na ukuta wenye masizi, nikaukwangua udongo wangu mweupe kwa kisu, wote wananitazama.

Fedha zilibaki Kisarawe, na Bwana Kifua akabaki nazo. Zuhura sasa ana wajukuu. Mimi nilibaki na jina la Mama Mwali mpaka nilipozeeka, na akina mama kisimani wakisikia mwanamume anakohoa walikuwa wakiniuliza ngoma lini. Nimeapa: mgeni wa harusi nitampambia nyumba, lakini anayekuja kutafuta ugonjwa nitamwonyesha makohozi yenyewe.

Kama nimekosea jina la mtu, au nani alikaa wapi, walio hai wanisahihishe, sitakasirika. Lakini akitokea wa kuwaambia kwamba siku ile sikuona aibu, huyo hakuwapo.