Maziwa Niliyoyafungia Kwenye Termosi

Kosa ni langu. Naanza hapo, maana nimezunguka miaka mingi nikitafuta mtu wa kumtupia, na sikumpata.

Ulikuwa wakati wa vita, na mvua za Kamina hazikutupa nafasi. Nyumbani kwetu tulimpokea mama mmoja aliyekimbia kutoka Kinkondja na binti yake mdogo, Ngoie, aliyekonda hadi shingo ikawa haiwezi kubeba kichwa. Kituo cha lishe kiliwapa pakiti za maziwa ya unga, yale mazito ya kurudisha nguvu. Mama Ngoie alikuwa anatembea hadi Base, kambi ya jeshi, kuuza samaki wakavu kwa wake wa askari, na mtoto ananiachia mimi.

Muuguzi alinieleza mimi mwenyewe: "Maziba ukishachanga, mutoto anywe pale pale. Ile inabakia, tupa."

Kutupa maziwa! Watu wanalala njaa, yeye anasema tupa. Nilimwona kama mtu aliyeshiba.

Basi, ilikuwa Ramadhani. Sisi ni Waislamu, babu zetu walitoka Maniema na biashara zao, na kwetu kufunga si mchezo. Makaa yalikuwa yamelowa, kwa hiyo niliwasha moto mara moja tu, alfajiri, wakati wa daku. Maji yakichemka, nilikoroga maziwa ya Ngoie ya siku nzima na kuyafungia kwenye termosi ya chai. Termosi si inatunza? Nilijiona nina akili kuliko muuguzi.

Siku za kwanza hatukuona shida. Kisha ikaja siku ya jua kali. Alasiri nilifungua termosi, na harufu ilikuwa imebadilika kidogo. Jirani yangu, Mkatoliki tuliyezoeana sana, alikuwa amekaa nami anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Onja kwanza, mama," akasema. "Ile maziba iko na arufu."

"Minyi niko mu saumu," nikamjibu. "Unataka nivunje funga juu ya kijiko ya maziba?"

Ningeweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Mpishi anaruhusiwa, nilijua vizuri. Hata yeye ningempa kijiko, mdomo wake haukuwa na funga. Lakini nilitaka aone ninavyofunga mimi! Hapo ndipo ninapojichukia.

Ngoie aligeuza uso. Nilimshika kidevu nikamnywesha kikombe kizima.

Kabla ya magharibi alikuwa anatapika na kuharisha. Mama yake aliporudi alimfunga mgongoni, tukakimbia kituoni. Muuguzi alimpima, akamgeukia mama.

"Weye, unanawaka mikono? Utaua mutoto na buchafu yako."

Mama Ngoie aliangalia mikono yake. Ilinuka samaki. "Labda ni minyi," akasema. "Labda ni ile mikono yangu."

Nami nimesimama pale pale, nasikia. Nilinyamaza. Ee Mungu wangu, nilinyamaza!

Ngoie hakufa siku zile, lakini nyama kidogo aliyokuwa ameipata iliisha yote. Mama yake akaanza kuogopa kumgusa. Alinawa kabla ya kumbeba, akanawa tena, hadi vidole vikapasuka, na mimi ndiye niliyekuwa namletea maji. Maneno yalinifika mdomoni kila siku nikayameza.

Siku moja ndugu zake walikuja na baiskeli, wakasema kule ziwani, kwao Kinkondja, kumetulia. Akiwa na mtoto mgongoni alinishika mikono.

"Wafwako, mama," akanishukuru kwa Kiluba chao. "Kama haikukuwa weye, mutoto yangu angekufa mu mikono yangu."

Nilimwambia haina neno. Sikusema kingine, na sijui kama Ngoie alifika hai.

Ninyi mnaokoroga maziwa ya mtoto au ya mgonjwa, korogeni ya kunywa sasa hivi, na yanayobaki myamwage hata kama roho inauma. Termosi inatunza joto, na joto ndilo linaloyaharibu. Na mkikosea, semeni pale pale, kabla mwingine hajajitwika kosa lenu akaondoka nalo. Mimi nilingoja, na barabara ikamchukua.

Huko Kinkondja kuna mwanamke ambaye labda mpaka leo ananawa mikono akidhani ndiyo iliyomdhuru mtoto wake. Mikono yake ilikuwa safi.