Mahindi Niliyopanda Ndani ya Bwawa

Mwanangu, ipo siku niliyovuna mahindi nikiwa ndani ya maji ya kifua, jua linawaka na mbingu nyeupe kabisa. Mzee niliyetaka kumwoa binti yake alikuwa ukingoni akinitazama.

Nianze mwanzo. Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu Ekalakala. Kiangazi kilikuwa kirefu, maji ya bwawa la umeme yakarudi nyuma sana, yakaacha tope jeusi lenye rutuba. Kila mtu alishuka na jembe. Wenzangu walipanda kunde, maana majani yake huchumwa kabla mwezi haujaisha. Mimi nikapanda mahindi. Mzee huyo, baba yake Mwikali, msichana niliyemtaka, alikuwa amesema hatazungumza habari za ndoa mpaka aone shamba langu, na kunde niliziona ni kazi ya kina mama.

Susu Kamene, nyanya wa jirani, alinikuta nikifukia mbegu.

"Wewe Mutua, hii mahindi utalisha nani? Samaki?"

"Susu, angalia juu. Iko wingu?"

"Kwani mto unatoka juu ya kichwa yako? Unatoka milimani. Huko wakinyeshewa, wewe hapa unalowa."

Nilicheka. Nadhani hata nilipiga mluzi.

Mahindi yakabeba vizuri. Asubuhi ambayo mzee na Mwikali walikuwa waje kuona shamba, niliteremka kuchuma machache ya kuchoma, nikakuta maji. Mvua ya milimani ilikuwa imefika bila kupitia kwetu. Nikaingia na karai, nikivunja mahindi kwa kupapasa, huku kambare wakinipita miguuni kama wenye shamba.

"Shamba liko wapi?" mzee akaita.

"Ni hapo, mzee. Pale penye bata."

Akawatazama bata kwa muda mrefu. "Na hao bata ni ekari ngapi?"

Mwikali alicheka mpaka akakaa chini. Tulikula kunde za Susu, na ndoa ikangoja misimu miwili.

Basi mwanangu, ukilima ukingoni mwa bwawa, usitosheke na mbingu ya kwenu. Waulize wanaotoka juu mto umeamkaje. Na usidharau chakula cha haraka ili uonekane mwanamume. Mungu akujalie mavuno ya nchi kavu na wakwe wenye subira.

Nasema haya kwa sababu jana nilikuona ukishuka na debe la mbegu za mahindi, na habari za milimani bado hatujapata.