Sidii ya Leo

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kufuta toleo la jana kabla sijajua kama la leo linafanya kazi. Kwa muda mrefu sikuliita kosa. Nililiita usafi.

Nilijifunza kompyuta mwenyewe, kwenye kafe ya intaneti huko Kihonda, Morogoro, nilikokuwa nafagia na kuhudumia wateja. Viwanda vya mjini vilikuwa vimeuzwa au vimefungwa, na kompyuta za mitumba zilikuwa zinaingia kama nguo. Nilichukua mfumo endeshi huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuubadili na kuugawa, nikaanza kuutia Kiswahili. Mwenye kafe aliniachia kompyuta moja mbovumbovu. Asubuhi niliianzisha ijenge toleo jipya lenye masahihisho yangu, na umeme usipokatika, jioni ilikuwa imemaliza. Nilichoma sidii, na kesho yake nikazisambaza kwa baiskeli kwa watu wachache waliokubali kuutumia.

Sidii zilikuwa za aina inayofutika. Nikishamwekea mtu toleo niliondoka na sidii yake, na kesho yake niliifuta kabla ya kutoka kafe. Ni kweli sikuwa nazo nyingi, lakini nisisingizie uhaba. Nilikuwa naona aibu. Nikigundua neno moja limekaa vibaya kwenye menyu, niliacha chakula, nikiwaza kuna mtu kule mtaa wa Mafiga analitazama saa hiyo hiyo na kunidharau.

Vijana wa kafe walinifananisha na muuza mikate, kwa kuwa kila siku nilitoka na mzigo mpya.

"Oya, leo umeoka au umeunguza?"

"Mwache bwana, anakula mwenyewe makombo!"

Walicheka mpaka wateja wakageuka. Mimi niliinama na kuanza kukagua upya nilichokwisha kukikagua.

Aliyenipokea kwa moyo kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Mafiga. Alipopunguzwa kazi kiwandani, alichukua kiinua mgongo chake akanunua kompyuta ya mtumba na printa ya zamani, akafungua steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga. Alichapa barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, na mitihani ya shule za juu milimani. Wanawe walikula kutokana na chumba kile, na mimi nilijua.

Ijumaa moja nilimkuta amemaliza kuandika mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Mwalimu mkuu angeteremka kesho yake kuuchukua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeleta kingine? Cha jana kilikuwa na ubaya gani?"

"Kuna maneno yalikaa vibaya, mama."

"Mbona mimi sikuyaona? Niache kwanza nichape hii mitihani."

"Haichukui muda. Hiki ni kisafi zaidi."

Alinyanyuka kwenye kiti, akanipisha. Mpaka leo naona alivyonyanyuka, bila kinyongo, akapangusa meza kwa upindo wa kanga ili nikae vizuri.

Niliweka toleo jipya. Mtihani ulikuwepo, haukuguswa. Alipoamuru uchapwe, printa ilikaa kimya. Nilijua sababu palepale. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeondoa vipande vya programu nilivyoona ni vya mashine kuukuu zisizotumiwa na mtu, ili toleo liwe jepesi na safi. Kimoja kilikuwa cha printa yake. Sidii ya jana yake nilikuwa nayo mfukoni, lakini sikumwambia anipishe tena nirudishe toleo lile, maana nilikuwa nimekwisha kuifuta kabla ya kutoka kafe.

"Imekuwaje?" aliuliza.

Nikasema, "Nadhani printa yenyewe imechoka, mama."

Sikupanga kusema hivyo. Yalitoka yenyewe, na yalipotoka nikaona nafuu.

Nilikimbia Kihonda kujenga toleo lenye kile kipande. Alasiri umeme ukakatika, na kazi yote ikapotea. Nilianza upya Jumamosi alfajiri. Alasiri hiyo nilifika Mafiga na sidii mkononi, nikakuta printa imefunguliwa juu ya gazeti sakafuni. Alikuwa amemwita fundi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ni mbovu. Fundi alikuwa ameshika gia ndogo ya plastiki iliyovunjika meno, akiigeuzageuza.

"Hii ilikuwa imekwisha siku nyingi," alisema bila kunitazama, ingawa mpaka juzi yake printa ilikuwa inachapa.

Mwalimu mkuu alikuwa ameteremka tangu asubuhi, tope la mlimani likiwa limemkaukia kwenye suruali, akasubiri kwenye benchi, kisha akaondoka. Disketi ambayo mama alihifadhia mtihani haikusomeka kwenye kompyuta za maduka mengine, kwa kuwa hayakutumia mfumo wangu. Mtihani ulibidi uandikwe upya kwingine, na shule haikurudi tena kwake. Gia ile haikupatikana Morogoro. Kabla ya mvua za vuli chumba kile kilikuwa cha kinyozi.

Nilikutana naye sokoni, anauza mboga alizonunua kwa wakulima wanaoteremka Uluguru. Nilimwamkia, akaitikia, akanitengea fungu la mchicha.

"Usikae unajilaumu, mwanangu," alisema. "Ile printa ilikuwa imezeeka tu. Wewe ulinisaidia."

"Ndiyo, mama," nilijibu. Nikapokea mchicha nikaondoka.

Siku hizi bado natengeneza toleo kila siku, lakini naliweka kwenye kompyuta yangu peke yake. Wengine nawapa lililokaa wiki kadhaa bila tatizo, na yale ya zamani nayahifadhi, pamoja na makosa yake. Mashine ya mtu ikikwama baada ya mimi kuigusa, nasema kwanza kwamba nimeigusa. Nimewaambia hivyo watu wengi. Yule mama sijamwambia.