Kamba ya Yama

Asubuhi ya mama kupasuliwa uvimbe tumboni, nilipita kwanza hekaluni kwetu, hapa hapa Moshi mjini, kusikiliza amri ya siku. Sisi Masingasinga ndivyo tulivyo. Kitabu kitakatifu hufunguliwa popote, na shairi la juu upande wa kushoto ndilo neno la siku hiyo. Nilikwenda kutafuta faraja. Nikapewa Yama!

Yama ni mfalme wa kifo katika hadithi za kale za Kihindi, yeye na matarishi wake wenye kamba na marungu. Msomaji alipofika kwenye kamba inayokaza shingo, roho ilinitoka. Jamani, siku zote za mwaka, leo ndiyo anatajwa huyu? Sikusubiri. Niliokota viatu vyangu nikatoka bila hata kupokea halua ya baraka, nikaenda hospitali. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na hilo nalo nikalifanya ishara. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi sikuwa hata nimeumwa.

Mama alikuwa kitandani, nywele zake nyeupe zimesukwa vizuri, anasubiri.

"Amri imesemaje?"

"Nzuri tu, mama."

"Acha uongo. Uso umekupauka."

Nikamwambia yote huku nalia: kamba, marungu, shingo. Nikamsihi tuahirishe, turudi nyumbani. Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika tumbo.

"Ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Hapana."

"Ala! Yama amewekwa mle tujione, si kututabiria. Kamba ni woga wetu na majivuno yetu. Mwisho wa shairi, anayemkumbuka Mungu kamba inamfunguka akiwa hai, papa hapa. Hebu niambie, kati yangu na wewe, nani amekamatwa leo?"

Nilimshika. Mkono wake ulikuwa na joto, wangu baridi. Wauguzi wakaja, wakamsukuma na kitanda chake, mlango ukafungwa.

Nikabaki kwenye benchi nikiogopa vilevile, nikitaja jina la Mungu ovyo ovyo. Jirani yetu Mchaga alileta mtori wa ndizi kwenye chupa, nikauweka chini ya benchi. Kila mlango ulipolia nilijua wanakuja kuniambia.

Alasiri wakamrudisha, midomo imekauka, macho nusu wazi. Niliinama nimsikie, nikidhani anataka maji.

"Yama," akanong'ona, "amekuachia?"