Mungu wa Radi Ukutani Kwangu

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na miwili, ndipo taabu ilipoanza. Vita vilimchukua mume wangu, nikavuka ziwa na watoto watatu na sufuria moja. Kambini nilikaa miaka kumi na minne. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Asiyependa aache kusoma.

Nilipofika Minneapolis, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kumtunza mzee mmoja Mjapani huko Plymouth, aliyefiwa na mkewe. Nilimwogesha, nikampikia wali, nikamkalipia akikataa dawa. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, lakini tulielewana.

Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya wino mweusi, karatasi ndefu yenye fimbo juu na chini, inayoviringishwa kama mkeka. Aliyechorwa ni mungu wa radi wa zamani wa kwao: pembe mbili, macho yamemtoka, ngoma zimemzunguka, naye anazipiga. Aliyeichora ni baba wa yule mzee. Wino mtupu, lakini ukimtazama unasikia ngurumo. Theluji ikiisha tuliitundika, baridi ikirudi tuliiviringisha. Mzee alinifundisha: nawa mikono, kausha, anzia chini, usibane. Nilikosea mara nyingi, naye alinirudisha mwanzo kila mara. Mimi, bibi mzima!

Mwaka 2015 watoto wake walimpeleka nyumba ya wazee huko Champlin. Kule hawaruhusu misumari ukutani. Akanikabidhi picha, akaniomba niitundike kila kiangazi maadamu yu hai, kisha nije nimwambie imekaaje. Nikaahidi.

Mwaka huohuo nilinunua nyumba katika mji wa Crystal. Sisi hatulali katika nyumba mpya kabla haijaombewa, basi akaja mchungaji, mzee mmoja wa kanisa, na kina mama ambao mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wao. Walipita chumba kwa chumba wakipaka mafuta ya maombi milangoni, madirishani, hata kwenye friji. Mzee wa kanisa alipoingia sebuleni akaona zile pembe. Kabla sijamshika mkono, alishachovya kidole na kumpaka mungu wa radi kwenye paji la uso. Karatasi ikanywa mafuta. Doa likatanuka mpaka likawa kubwa kama mdomo wa kikombe.

"Mama, huyu ni shetani," akasema. "Achomwe nje sasa hivi."

"Papa, umempaka mafuta wewe mwenyewe. Tangu lini mashetani tunawapaka mafuta?"

Mama mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mchungaji hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kiongozi wa kina mama hawezi kuwa na kitu kama kile nyumbani, hivyo nichague, picha au uongozi. Uongozi ule niliupenda, sitadanganya. Mimi ndiye niliyepanga harusi na matanga, na nikisimama watu walinyamaza. Nikamjibu kwamba karatasi siiabudu, namwabudu Mungu aliyenivusha ziwa, ila mzee wa watu nimemwahidi.

"Uongozi chukueni," nikasema.

Waliondoka. Sambusa walizimaliza kwanza.

Kilichoninyima raha ni lile doa. Jumatatu niliiviringisha picha, nikaenda Champlin, nikamfungulia mzee juu ya kitanda na kumweleza yote bila kuficha. Alilizungusha doa kwa kidole. Nilikuwa tayari kutukanwa. Akaniuliza kama yule bwana wa mafuta aliogopa. Nikamwambia aliogopa sana, hata alitaka ichomwe palepale.

Mzee akatabasamu. "Basi baba yangu alichora vizuri."

Kila kiangazi niliitundika, nikaenda kumweleza, mpaka alipofariki. Sasa naitundika kwa kupenda mwenyewe.

Leo nina nyumba Crystal, imelipwa yote. Nina magari mawili. Nina kampuni ndogo ya kutunza wazee, yenye wafanyakazi kumi na mmoja, nami ndiye ninayewafundisha kazi. Nina watoto watatu waliosoma na wajukuu watano wanaonijibu kwa Kiingereza. Nina picha ya mungu wa radi, yenye doa. Nina kiti kanisani, safu ya mwisho, na hakuna aliyewahi kuniambia nihame. Uongozi wa kina mama sina.