Jenereta la Shemeji

Shemeji yangu alipoingiza lile gari uani kwangu, sikumuuliza habari za safari. Nilimuuliza, "Umefukuzwa nyumbani?"

Akacheka. Yeye ni Mkenya. Alikuja Marekani kusoma, akapata kazi ya ofisini, akamwoa mdogo wangu wa kike, wanaishi Columbus. Ana tabia ya kucheka kabla ya kujibu, na tabia hiyo hunipandisha damu mpaka leo. Gari lenyewe lilikuwa gari-nyumba, refu kama basi la shule, lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Lilikuwa la zamani, rangi imebabuka ubavuni. Alilinunua kwa mstaafu mmoja huko Louisville, akalipitisha kwake Columbus, kisha akaja nalo mpaka Buffalo, kwenye nyumba niliyopanga karibu na Kenmore, wiki ile ile redio ilipokuwa inatangaza upepo mkali kutoka ziwani.

"Si kufukuzwa, dada. Hii kitu iko na jenereta," akasema, akipigapiga bati la gari. "Stima ikipotea, tunavuta waya kutoka hapa, mashine ya mama haizimi. Trust me."

Mimi mtu akiniambia "trust me" huwa nashika pochi yangu.

Mama anaishi nami. Mapafu yake yamechoka. Daktari alisema ni moshi wa kuni aliouvuta miaka yote, kule Kivu, Kongo, na kisha kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako mimi nilikulia. Mashine yake ya oksijeni inakaa kando ya kitanda, inanguruma kutwa kucha, na mrija wake mrefu unamfuata kila aendako ndani ya nyumba. Tuna mitungi midogo ya akiba, lakini hiyo inatosha kumpeleka hospitali na kumrudisha, basi. Daktari aliwahi kuniambia kwamba mama akiwa ameketi, ametulia, anaweza kukaa muda mfupi bila mrija, kwa mfano anapooga. Thubutu! Kwangu alioga na mrija puani. Na umeme ukikatika, na kwetu hukatika, nilikuwa nafungua mtungi nakaa kuutazama mshale wa kipimo ukishuka.

Kwa hiyo msaada wa shemeji ulikuwa wa maana kabisa, na hilo ndilo lililonitia shaka. Kwani mtu ananunuaje gari zima kwa ajili ya nyumba isiyo yake? Tena mkwe! Kwetu mkwe na mama mkwe hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, hata kutazamana usoni ni haya. Kwao magharibi ya Kenya ni hivyo hivyo. Miaka yote hiyo shemeji akija kwangu alikuwa anasalimia akiwa mlangoni, macho chini, kisha anatafuta kisingizio cha kutoka nje. Leo huu upendo ameutoa wapi?

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na nimeona mambo. Nimeona watoto wanakuja na keki na maua, "tunamchukua bibi kwa wikendi tu," na bibi harudi ng'o. Anabaki kwa yule aliyekuja na gari. Mdogo wangu naye alikuwa ameshaniimbia sana kwamba Columbus kuna Wakongo wengi, kanisa liko jirani, mama angefurahi. Nikajumlisha moja na moja.

Halafu kulikuwa na simu. Mama alianza kuongea na simu kwa kunong'ona. Nikiingia chumbani anakata maneno, "Bon, tutaongea," anaificha chini ya shuka. Nikimuuliza ni nani, ananijibu, "Mutu wa kanisa." Ala! Mtu gani wa kanisa anaitwa "mkwe wangu"? Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Wasioweza kutazamana mezani wanapigiana simu kama wachumba. Machale yakanicheza, nikasema hapa kuna namna.

Upepo ukaja kama ulivyotangazwa. Asubuhi mti wa jirani ukalala juu ya nyaya, na nyumba nzima ikanyamaza. Mashine ya mama ikaanza kulia ile kengele yake ya kukosa umeme. Kabla sijamaliza kufungua mtungi nilimsikia shemeji akigonga dirisha kwa nje.

"Dada, fungua kidogo nipitishe waya."

Akapitisha waya mnene wa rangi ya chungwa, uso ameugeuzia barabarani asimwone mama kitandani. Akanipa pia kengele ndogo ya kugundua moshi wa sumu, niiweke karibu na mto. Alikuwa ameligeuza gari ili bomba la moshi la jenereta litazame mbali na nyumba, na akaniambia nizibe uwazi wa dirisha kwa blanketi. Nikaenda mwenyewe nje kuhakikisha bomba linatazama wapi. Nikaenda tena mara ya pili.

"Kwa nini usiingize ukutani, nyumba yote iwake?" nikamuuliza.

"Zii, hapana, dada. Ukiingiza kwa ukuta, stima inarudi mpaka kwa nguzo. Fundi ako juu huko anatengeneza, unamuua."

Hata hilo nilidhani ni ujanja wa kuninyima taa. Lakini mashine ilishaanza kunguruma, na kwenye waya ule ule nikachomeka friza yenye sombe, majani ya muhogo, na samaki wangu. Nikasema asante, kwa sauti ndogo.

Mchana akachukua dumu akaenda kwa miguu kutafuta petroli upande wa Kenmore, ambako umeme ulikuwa bado upo. Nikasema leo ni leo. Nikaingia kwenye gari lake.

Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na pazia. Siyo pazia la mapambo. Kitambaa kizito, kipya, kimeshonwa mara mbili, kutoka juu mpaka sakafuni. Nikalivuta. Nyuma yake kilikuwepo kitanda kimetandikwa, na mito mitatu imepangwa mmoja juu ya mwingine. Jamani, nani analala ameketi hivyo? Namjua mmoja tu. Kando ya kitanda kulikuwa na soketi, na sakafuni mikanda miwili imefungwa kwa skrubu, imeacha nafasi katikati. Sikuhitaji kupima. Ile nafasi ilikuwa ya mashine ya mama.

Juu ya kitanda kulikuwa na kitenge kimekunjwa, kile mama alichoniambia kimepotea kwenye mashine za kufulia. Ndicho alichovaa siku tulipomzika baba.

Damu ilinichemka. Sikumbuki hata nilivyovuka uani. Nikamtupia mama kile kitenge mapajani.

"Wanakuiba na wewe unawasaidia kufunga mizigo?"

Mama akakiangalia, akakilaza vizuri kwa kiganja. "Hakuna mutu ananiiba. Miye njo nilimutuma, miye mwenyewe."

"Kumtuma wapi?"

"Kwa baba yenu."

Louisville ndiyo mji uliotupokea tulipotoka kambini. Baba hakumaliza hata mwaka, akafariki, tukamzika huko. Baadaye nikapata kazi Buffalo nikamhamisha mama. Tangu hapo hakuwahi kurudi kaburini. Kila mwaka alikuwa ananiuliza, tutaenda lini? Na kila mwaka jibu langu lilikuwa moja: mama, na mashine?

"Nilikuomba weye kwanza," akasema. "Ulisema mashine haina pa kuchomeka njiani. Bon. Nikatafuta mutu wa kuniletea pa kuchomeka."

"Na haya ya kusaidia nyumba umeme ukikatika?"

"Ni kusudi weye uone. Weye hauamini mutu mpaka uone na macho. Donc, umeona."

Niliumia. Nasema ukweli, niliumia kuliko kama wangemwiba kweli. Nilipiga kelele kwamba wamenifanya mjinga, kwamba mimi ndiye ninayeamka usiku kumgeuza, mimi ndiye ninayejua rangi ya midomo yake ikibadilika, na wao wa Columbus wanajua nini? Nilikuwa bado nafoka jenereta lilipozimika.

Kengele ya mashine ikaanza kulia. Nikaurukia mtungi, ufunguo wake ukaniponyoka ukaingia chini ya kitanda. Nikalala kifudifudi nikipapasa, nalia, namwita Yesu. Nilipoinua kichwa nilimwona mama ameketi vile vile, mikono juu ya kitenge, anavuta pumzi taratibu, ananitazama.

"Pole pole, mama," akaniambia, kana kwamba anayekosa hewa ni mimi.

Nilikuwa nimeshaufungua mtungi shemeji alipotokea na dumu lake, nikamvamia mlangoni. "Umeliacha lizime makusudi ukaondoka!"

"Wacha nikuelezee, dada. Jenereta inakunywa petroli kwa tangi ya gari yenyewe. Tangi ikibaki robo, inajizima. Wameitengeneza hivyo ndiyo gari ibaki na mafuta ya kuondoka."

"Kwa hiyo lilikusudiwa kuondoka tangu mwanzo."

Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Ndio, dada."

"Na lile pazia?"

Akatazama viatu vyake. "Sasa mimi na mama mkwe tungekaaje kwa gari moja bila pazia?"

Tulikwenda Louisville theluji ilipoyeyuka. Nilikubali kwa masharti: mimi nikae na mama nyuma ya pazia, dawa zote ziwe kwenye mkoba wangu, na kwenye kila kituo cha petroli nisome mwenyewe kipimo cha tangi. Shemeji akasema sawa kwa kila jambo, na kila aliposema sawa nilizidi kumshuku. Njia nzima mama alikuwa dirishani akishangaa mashamba. Alipotaka kitu alimpigia mkwe wake simu, hatua chache kutoka kwenye usukani, na yeye akajibu kwa heshima zote mbele ya pazia, "Ndiyo, mama."

Columbus tulimkuta mdogo wangu ametandika chumba kizima: shuka za maua, soketi mpya ukutani, kiti cha kuogea. Nikasema, mnaona? Mnaona? Nilimkataza mama asishuke. Nililala naye garini, jenereta linanguruma, na ufunguo wa gari nimeuficha kifuani. Asubuhi mdogo wangu alipanda na sufuria ya wali mapajani, amenuna, tukaondoka wote.

Pale makaburini Louisville barabara ni nyembamba, na kaburi la baba liko kwenye mteremko mdogo. Shemeji alisogeza gari mpaka ukingoni, akavuta waya ule ule wa chungwa juu ya majani, akarudi kwenye kiti chake cha dereva akatugeuzia mgongo. Tukateremsha mashine. Mrija ulifika. Mama, katika kitenge chake, akakaa kwenye kiti cha kukunja karibu kabisa na jiwe la baba, mdogo wangu akiwa amemshika mkono.

Mimi nilibaki kando ya gari. Nilisimama penye jenereta, kiganja juu ya kifuniko chake cha moto, nikisikiliza kila linapobadilisha sauti. Tangi lilikuwa limejaa, nilikuwa nimelisoma mwenyewe, na bado sikuliamini. Kwa mbali niliona midomo ya mama ikicheza, lakini sikusikia hata neno moja.

Kisha akageuka, akainua mkono.

"Zima hiyo kitu!"

"Mama?"

"Zima! Kelele ni mingi. Baba yenu hanisikii."

Nikamtazama shemeji kwenye kioo chake cha pembeni, nikitumaini atakataa yeye. Akatoa tu mkono dirishani, bila kugeuka, akanionyesha swichi ilipo. Kana kwamba sikuijua. Mdogo wangu naye ananitazama. Nilikumbuka ufunguo wa mtungi chini ya kitanda, na mama ameketi vile vile.

Nikabonyeza. Jenereta likakohoa likafa, mashine ikapiga kengele yake, mdogo wangu akainyamazisha. Mama akautoa mrija puani, akauweka mapajani, akavuta pumzi moja ndefu. Ndipo nikamsikia.

"Huyu njo nilikuwa nakuambia," alimwambia baba, akininyooshea kidole. "Ananilinda muchana na usiku, hata kulala halali. Umwambie naye apumue kidogo."

Nikatoa mkono kwenye kifuniko, nikaenda kuketi nao kwenye majani.