Ana Sukari Huyo, Msimpe

Watu wa Lushoto ukikonda hawakuulizi hali. Wanakutazama kuanzia shingoni kushuka chini, halafu wanasema, "Pole, mama." Nimeshiba pole. Tena sikufanyiwa upasuaji wa tumbo ili nipendeze, jamani. Nilikuwa mnene, nina sukari, mguu umeanza kufa ganzi, na sindano za insulini zilikuwa zimenichosha.

Daktari kule Dar aliniambia tumbo litabaki dogo kama yai, utumbo utaunganishwa upya, na homoni za njaa na za sukari zitabadilika. Zilibadilika kweli. Sukari ilishuka kabla hata gauni halijaanza kunipwaya. Njaa ikanitoroka, nikawa nakula kwa kuangalia saa. Nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo. Nikasema haya, bora uzima.

Mwaka wa pili ndipo mwili ulipoanza vituko. Nikila wanga mwingi, sukari inapanda mbio, mwili unamwaga insulini bila kipimo, na baada ya muda sukari inaanguka chini kabisa. Natetemeka, jasho linanitoka, ulimi unakuwa mzito. Usiponipa kitu kitamu haraka, nazimia. Haya nayajua leo. Siku ile ya soko nilikuwa nayajua nusunusu, na mama yangu hakuyajua kabisa.

Mama anakaa mlimani, juu ya mji. Asubuhi alinipa uji wa mahindi, bila sukari hata chembe kwa ajili ya ugonjwa wangu, akajaza bakuli hadi ukingoni. "Maliza, mwanangu. Umebaki mifupa." Nani anamkatalia mama yake uji? Nikamaliza, tukateremka sokoni.

Mbele ya muuza karoti nguvu zikaniishia ghafla. Nikajikuta chini, kichwa kwenye mapaja ya mama. Muuza karoti akafungua soda yake, akainama aninyweshe. Mama akaipiga kofi ile chupa.

"Ana sukari huyo! Msimpe kitu kitamu, mtaniulia mtoto."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli, mwenye sukari hapewi soda. Nilikuwa nawasikia wote. Nilitaka kusema imeshuka, mama, imeshuka, lakini yalitoka mate tu. Muuza karoti akajaribu tena, na mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Kiganja kilichonilisha tangu sina meno. Nikaona kabisa kwamba nakufa hapo, katikati ya karoti, mikononi mwa mtu anayenipenda kuliko wote.

Nikamng'ata. Nilimng'ata kwa nguvu zote zilizobaki, akaachia, na soda ikaingia, nyingine ikanimwagikia kifuani. Ulimi uliporudi nikasema, "Imeshuka."

Mama alikuwa ameshika mkono wake, damu inamtoka. Hakunigombeza. Aliniuliza polepole, "Sukari ikishuka si ndiyo kupona? Si tuliomba kanisani miaka yote ishuke?"

Tuliiombea ishuke, ikashuka, na haijui pa kusimama. Hospitali wameniambia nile kidogo kidogo, nianze na yai au maharage, niache uji. Nafuata, na bado kuna siku naanguka. Nimechoka. Sina hamu ya chakula na nakiogopa, na nisipokula pia naanguka.

Jeraha kwenye kiganja cha mama limepona vibaya. Siku hizi anafunga sukari kwenye pindo la kanga yake, na haifungui mpaka aniulize. Juzi nilipoanza kutetemeka jikoni kwake, alisimama juu yangu, mkono mmoja umeshika lile fundo na mwingine umeshika bakuli la maharage, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, niambie. Nikupe au nisikupe?"

Nami ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito.